Ukuta wa Zimamoto

Treni ilinishusha mchana kwenye stesheni ambayo sikuwahi kuiona hata kwenye picha, na mtu aliyekuja kunipokea alikuwa amenipa mgongo. Alikuwa ameinua kipande cha boksi kilichoandikwa MTAFSIRI kwa wino mzito, amekielekeza kwa makini sana kwenye behewa la mizigo. Nimepokelewa kwa namna nyingi katika stesheni nyingi, ila sikuwahi kufananishwa na magunia. Nikaburuta begi hadi ubavuni pake, karibu kabisa, nikasubiri ageuke. Hakugeuka. Nikatoa salamu.

"Lo!" Aliruka. "Umetokea wapi, ndugu yangu? Umechipuka?"

"Nimetokea hapa hapa kando yako."

"Kando," alisema, kana kwamba nimemtajia mtaa aliokulia. "Haya, karibu. Karibu sana. Lete begi."

Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, shati limepigwa pasi hadi mikunjo ya mikono ingeweza kukata karatasi. Viatu vilikuwa vimeng'arishwa, lakini ncha zote mbili zilichunika kama za mtoto anayechezea mpira viatu vya shule. Alitembea haraka, kichwa kikigeuka kulia na kushoto bila kupumzika, kama cha ndege aliyetua uwanjani. Nje ya stesheni aligonga nguzo ya taa.

"Samahani sana, mzee," aliiambia nguzo.

Nikashindwa kujizuia, nikacheka. Naye akacheka. "Ukishazoea, unaomba radhi kwanza, halafu ndiyo unachunguza kama ni mtu au chuma. Nguzo hazina kinyongo. Watu ndio wabaya."

Penye kuvuka barabara aliweka mkono begani mwangu, kirafiki, kama tuliosoma darasa moja. Tulipokwisha kuvuka hakuuondoa.

"Huoni vizuri," nilisema.

"Naona vizuri sana," alijibu. "Ila kidogo."

Alinieleza yote kabla hatujafika, kwa sababu nilikuwa mgeni, na mgeni hana wa kumpelekea maneno. Macho yake yalikuwa yakifunga kutokea pembeni, taratibu, kwa miaka. Kwanza zilipotea kona za vyumba, halafu mabega ya watu, halafu watu wenyewe waliokaa kando yake mezani. Sasa alibakiwa na duara dogo mbele ya pua. "Kama mtu anayechungulia tundu la ufunguo. Ninachokiona nakiona hadi unyoya. Nyumba nzima iliyobaki nasimuliwa." Daktari alimwambia tundu nalo litaziba. Lini, hakusema. Madaktari wa macho, kwa maelezo yake, ni kama mafundi wa paa: wanakuja, wanatazama juu, wanatikisa kichwa, wanaondoka.

Nyumbani mkewe alijua. Kazini hakuna aliyejua, na aliniomba iwe hivyo. "Kule wananiita Zimamoto," alisema. "Kazi yangu ni ya macho. Siku nikiondolewa kwenye ule ukuta, sijui nitaitwa nani."

Ukuta wenyewe niliuona dakika chache baadaye, ghorofa ya pili, juu ya duka la magodoro. Kampuni ilikuwa ndogo, ya waandika programu wa hospitali: programu za kumsajili mgonjwa, kumpangia daktari, kuchukua majibu ya maabara na kuyapeleka wodini bila mtu kukimbia na karatasi mkononi. Mimi nilikodiwa kutafsiri maneno ya kwenye skrini katika lugha nne, maneno mafupi yasiyo na ndugu: Endelea. Rudi. Tafadhali subiri. Meza yangu iliwekwa chini ya dirisha, na mbele yangu ulisimama ukuta mrefu usio na dirisha wala kalenda, umebandikwa karatasi zilizoungwa kwa gundi kutoka mlangoni hadi kabatini. Juu yake kulikuwa na moto.

Nilidhani ni pambo. Vipande vya rangi nyekundu, chungwa na njano vilipandana kama matofali, vipana chini, vyembamba juu, mpaka vikachongoka kama ndimi za moto jikoni.

"Hiyo ni programu inafanya kazi," Zimamoto aliniambia. Alipofika pale ukutani sauti yake ilibadilika, ikawa ya mtu aliye kwake. "Sikiliza. Unaishtukiza programu, tena na tena, ndani ya kufumba na kufumbua. Unaiuliza: saa hii unafanya nini, na nani kakutuma? Inajibu. Unaweka jibu. Unauliza tena. Ukikusanya maelfu ya majibu, unayapanga: aliyetuma chini, aliyetumwa juu yake, na aliyetumwa na huyo juu zaidi. Jibu likijirudia mara nyingi, tofali lake linakuwa pana."

"Kwa hiyo ndimi ndefu ndizo zinazochelewesha?"

"Hapana! Kila mgeni anaogopa urefu. Urefu ni maneno tu: huyu kamtuma yule, yule kamtuma huyu. Ogopa upana. Mpana ndiye anayekula muda. Na ukiona mpana ambaye juu yake hakuna mtu, hajamtuma yeyote, kakaa tu anakula, basi huyo ndiye mwizi wako. Mshike."

Mwandika programu mmoja kijana, anayeitwa Kasuku kwa sababu zinazosikika, aliinua kichwa. "Mgeni, usimwamini. Wenzetu kwingine wanaitazama hiyo picha kwenye kompyuta kama watu wazima. Mzee peke yake ndiye anataka ukutani. Anainusa."

"Wewe ungeinusa ungekuwa na mshahara kama wangu."

"Ningekuwa na pua kama yako kwanza!"

Chumba kizima kilicheka. Walimpenda, hilo halikuhitaji tafsiri. Aliwahi kuikuta kasoro ambayo wengine waliitafuta hadi wakagombana, akaigusa kwa kidole kama mtu anayemwonyesha mtoto sisimizi. Tangu hapo ikawa adabu ya chumba kile: moto ukibandikwa, hakuna anayeusoma mpaka Zimamoto amalize. Watu walipita mbele yake wakitazama chini, kama wanaopita mbele ya mtu anayeoga. Akishasema neno lake, karatasi zinabanduliwa. Mimi peke yangu ndiye niliyejua kwa nini anasimama pua ikikaribia kugusa ukuta, na kwa nini ananyata kando kando, hatua ndogo ndogo, kichwa kikipanda na kushuka. Alikuwa analitembeza lile tundu lake la ufunguo juu ya ukuta mzima.

Nilipangiwa chumba cha uani nyumbani kwake. Mkewe alikuwa fundi cherehani, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini na pini kila mara kwenye kola, na aliniita shemeji kabla sijatua begi. Alinipa sheria moja tu.

"Shemeji, mlango hapa unakuwa wazi au umefungwa. Usiache nusu. Nusu ndiyo inayompasua uso."

Katika nyumba ile kila kiti kilikuwa na mahali pake, na chini ya kila mguu wa kiti palikuwa na alama ya chaki. Jioni nilimwona mke akirudisha kigoda kwenye alama zake kwa kisigino, huku anaongea mambo mengine kabisa. Zimamoto alipita, akakaa bila kupapasa, akatoa mzaha kuhusu treni. Mtu asiyejua angesema huyu haumwi na chochote. Nadhani ndivyo walivyokusudia.

Kisha ikaja shida ya maabara.

Ilianzia hospitali kubwa waliyokuwa wakiihudumia kwa miaka mingi. Majibu ya damu, ambayo zamani yalifika wodini mara yakishaandikwa, yakaanza kuchelewa. Kwanza kidogo, kama mtu anayetafuta miwani. Halafu sana. Sista wa maabara alikuwa akipiga simu kila asubuhi, na bosi wetu, mama mmoja mwenye haraka ambaye hata kikombe alikinywea wima, aliweka simu mezani kwa sauti ya juu ili sote tusikie tunavyosemwa.

"Nabonyeza jina la mtoto, naambiwa tafadhali subiri. Nasubiri. Mama yake kasimama mbele yangu, anasubiri. Daktari kule juu anasubiri. Hivi hiyo tafadhali ni ya nini?"

Nilitazama skrini yangu, ambako nilikuwa nimetoka kuiandika tafadhali hiyo hiyo kwa lugha ya tatu.

Moto mpya ulibandikwa. Zimamoto aliusoma siku nzima na siku ya pili yake. Nilimwona akirudia, akisugua macho, akirudi mwanzo. Jioni ya siku ya pili alisema programu ni safi: ndimi zote nyembamba, hakuna mwizi. Tatizo liko hospitalini, kwenye nyaya zao. Hakuna aliyembishia. Karatasi zilibanduliwa, na hospitali ikapelekewa neno lake.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani, mkono wake begani mwangu, alikuwa mwepesi kama mtu aliyefaulu mtihani. "Umeona?" alisema. "Bado nimo. Tundu dogo, lakini bado nimo."

Hospitali ilibomoa sakafu. Walichimba ukumbi wa maabara wote, wakang'oa nyaya, wakaweka mpya. Sista akapiga.

"Mmetuchimbisha mitaro. Wagonjwa wanairuka kama mbuzi, mmoja kateguka mguu, tumempokea hapo hapo. Na majibu bado yanakuja kwa miguu. Tena siku hizi yanachechemea."

Kasuku alicheka, kisha akaacha, maana bosi alikuwa hacheki. Bosi aliagiza moto uchapwe tena.

Ilikuwa karibu na saa ya chakula. Zimamoto alikuwa katikati ya ukuta, amenyata kama kawaida yake. Bosi alitoka ofisini kwake, simu sikioni, akasimama mlangoni kwake, mwisho kabisa wa chumba, akiuelekea ukuta, akisubiri aunganishwe na mtu. Macho hayana pazia. Alitazama kilichokuwa mbele yake, kwa mara ya kwanza labda katika miaka mingi, akiwa mbali na bila heshima yoyote.

"Zimamoto," alisema, bado simu sikioni, "hilo bapa hapo ni nini?"

"Bapa gani, mama?"

"Hilo. Hilo refu. Limelala kama meza."

Aligeuza kichwa kushoto, kisha kulia. "Wapi?"

"Mbele yako!"

Wote waliinua vichwa. Nami nikaliona, na nilipoliona sikuelewa tena tulikuwaje hatujaliona. Kati ya ndimi za kushoto na ndimi za kulia palikuwa na tofali moja la rangi ya chungwa, pana kupita karibu yote mengine, na juu yake hapakuwa na kitu. Karatasi nyeupe tu. Jina lake liliandikwa mara moja, mwanzoni kushoto kabisa, herufi ndogo. Kuanzia hapo lilikuwa rangi tupu, karatasi baada ya karatasi.

Zimamoto aliweka kidole ukutani. Aliugusa mstari wa juu wa lile tofali, pale ambapo chungwa inakoma na nyeupe inaanza, akaanza kutembea nao kulia. Alitembea. Akapita meza ya Kasuku. Kidole hakikukutana na kona. Akaendelea, taratibu zaidi, kama mtu anayepapasa kingo za shimo kujua ukubwa wake, hadi bega lake likagonga kabati. Kona ilikuwa hapo, upana wa kiganja kabla ya kabati. Akasimama na kidole juu yake.

Simu ya bosi ilikuwa inasema halo, halo.

"Nilidhani ni msingi," alisema Zimamoto. Hakuwa anamwambia mtu. "Tofali za chini zote huwa pana namna hii, unazipita. Na huku juu nyeupe, nikajua karatasi imeisha."

Kasuku, ambaye hajawahi kukosa neno, alisema polepole, "Mzee, tangu lini huoni?"

Zimamoto aliuliza swali lingine, akiutazama ukuta. "Tangu wabomoe sakafu mpaka leo, ni wangapi wamesubiri?"

Sidhani kama kuna aliyejua.

Nyumbani, mkewe alijua kabla hatujasema, kwa namna Zimamoto alivyoingia: aligonga kiti kilichokuwa juu ya alama zake. Alimwacha akae. Akashona hadi mwisho wa pindo, akakata uzi kwa meno.

"Nilikwambia, baba. Mficha maradhi."

"Usimalizie."

"Simalizii." Alikuja akakaa karibu naye, mbele, si kando, magoti yakigusana, uso wake katikati ya lile duara dogo. Nilitoka uani. Niliufunga mlango wote.

Kesho yake Zimamoto alikwenda kazini kama kawaida, na alitaka yeye mwenyewe amalize. Kasuku alimsomea kile kifungu cha programu kwa sauti, mstari kwa mstari, bila mzaha hata mmoja, na Zimamoto alikisikiliza amefumba macho. Kumbe kila jibu la damu ya mtu mmoja lilikuwa linaita orodha ya wagonjwa wote tangu hospitali ifunguliwe, wazima na waliokwisha kuzikwa, na kumuuliza kila mmoja: ni wewe? Ni wewe? Hospitali ilipokuwa changa, orodha ilikuwa fupi na hakuna aliyeumia. Ilirefuka kimya kimya, mgonjwa kwa mgonjwa, kama yale macho yalivyofunga.

"Amwendee mgonjwa moja kwa moja kwa namba yake," alisema Zimamoto. "Asiwasumbue marehemu." Akaandika marekebisho mwenyewe. Vidole vyake havikuhitaji kuona. Vilijua herufi zilipo kama miguu yake ilivyojua nyumba yake.

Moto wa mwisho ulipobandikwa, aliniita mimi. "Wewe una lugha nyingi. Nisomee."

Nilimshika kidole nikakipeleka. Pale palipokuwa na meza sasa palikuwa na mstari mwembamba usiotosha hata jina. Nilimwambia hivyo. Nilimwambia ndimi nyingine zimesogea zikajaza nafasi, kwamba kushoto kuna mbili ndefu kama masikio ya sungura, na kwamba hakuna bapa popote. Aliitikia kwa kichwa kila sentensi. Simu ililia. Sista alisema majibu yanafika kabla hajatoa kidole kwenye kitufe, akashukuru, akauliza ni nani aliyetengeneza ili amwombee dua.

"Mwambie ni sisi wote," alisema Zimamoto.

Bosi hakumfukuza. Alimpa kazi ya kupokea simu, mshahara ule ule, na aliposema hivyo kwa mara ya kwanza nilimwona amekaa. Zimamoto alimshukuru kwa heshima zote, akakataa. "Mama, nikikaa hapa, vijana hawa watanionea haya. Wataendelea kuusubiri ukuta niusome. Nimeshawachelewesha wagonjwa, nisiwacheleweshe na nyinyi." Kulikuwa na chuo cha wasioona katika mji wa kaka yake, safari ya treni. Alisema anakwenda mapema, tundu likiwa bado wazi, ili ajifunze fimbo na kusoma kwa vidole angali anaona vidole vyenyewe. Mkewe aliuza meza ya kukatia, akabakiza cherehani.

Mimi bado nilikuwa na lugha moja na nusu ya kutafsiri, kwa hiyo nilibaki. Waliniachia nyumba hadi mwisho wa mwezi. Mimi na Kasuku tuliwasindikiza stesheni, Kasuku kabeba cherehani kichwani, anahema na kulalamika njia nzima.

"Mzee, kweli unaondoka uniache na mama bosi? Nani atanitetea?"

"Fanya kazi, hutahitaji wakili."

"Na nikikwama?"

"Rudi nyuma. Hadi mlangoni kwa bosi. Tazama kutokea kule." Akamtafuta bega akalipata. "Mimi nilikaribia mno."

Wakapanda. Mke alimkalisha dirishani, akapotea ndani kupanga mizigo. Treni ilianza kusogea kwa ule mshtuko wa kwanza, na Zimamoto akatoa mkono nje, akaanza kupunga kwa bidii, akitabasamu, akikipungia kibanda cha tiketi kilichofungwa, hatua kadhaa kushoto kwetu.

Kasuku alifungua mdomo kuita. Nikamgusa mkono. Tukakimbia, yeye na mimi, hadi mbele ya kile kibanda, tukasimama pale alipokuwa anatuona, tukapunga.